Mfiwa Hadaiwi Ushuhuda

Dada zetu wa visiwani, tunawaandikia kutoka huku kwenye baridi na upepo, Basotu, wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara.

Mwezi uliopita dada mmoja wa Unguja anayetuuzia vitambaa alitupigia simu kuhusu mzigo wa lesi. Tulipomaliza kuvutana bei akauliza, "Hivi nyie watu wa Hanang, lile tope lilipoua watu, kanisani kwenu mliwasaidiaje?" Tukajibu bila kufikiri: tulichanga fedha, tukatuma nguo na mahindi, tukaomba. "Mungu awalipe," akasema, na salio lake likaishia hapo hapo.

Tukabaki tumekaa mbele ya cherehani zetu na neno hilo, awalipe. Tulitazamana. Kila mmoja wetu alijua kwamba tulikwisha kujilipa wenyewe, tena kwa bei kubwa, na aliyelipa ni mjane.

Tujitambulishe kwanza. Sisi ni wanawake wanne wa usharika mmoja, tumepanga chumba kimoja cha biashara hapa senta, tunashona nguo za watu. Katika sisi hakuna mchungaji wala mzee wa kanisa. Elimu yetu ni ya sekondari na kozi ya ushonaji, basi. Tunayoyaandika hatukutumwa na usharika, na wapo watakaochukia wakiyasoma. Tumekubaliana tuyaandike hata hivyo.

Kwa asiyepajua, Basotu ni nchi ya ziwa na ngano. Ziwa letu limekaa kwenye mashimo ya volkano za zamani sana. Mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970, na majirani zetu Wabarbaig wana maneno yao kuhusu ardhi ile, maneno ya haki kabisa, lakini hayo ni ya siku nyingine. Ukisimama hapa asubuhi, jua linachomoza upande wa mlima Hanang. Una zaidi ya mita 3,400, na umesimama peke yake, hivyo tunauona wote, wa huku na wa kule. Mji wa Katesh, makao makuu ya wilaya yetu, uko chini yake upande wa kusini. Kwetu Katesh ni mahali pa kwenda na gari na kurudi jioni. Si jirani, lakini kila nyumba ya Basotu ina mtu kule: dada aliyeolewa, mtoto anayesoma, mteja anayedaiwa.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mvua ya El Nino ilikuwa imenyesha kwa wiki kadhaa, na huku kwetu tulikuwa tunaishukuru kwa ajili ya mashamba. Tulikwenda ibadani kama kawaida, mshumaa wa kwanza ukawashwa, kwaya ikasimama. Kisha simu zikaanza kutetemeka kwenye mikoba. Mama mmoja akatoka nje, akafuata wa pili, akafuata kijana wa kwaya akiwa na joho lake. Alfajiri ile sehemu ya mlima ilikuwa imelowa maji hadi ikameguka, ikashuka na maji, mawe na magogo, ikapita kwenye makazi na kuingia Katesh mpaka sokoni. Tulioachwa ndani tuliimba wimbo wa mwisho tukiwa nusu.

Siku zilizofuata mlizisikia wenyewe kwenye redio. Askari wakichimba matope kutafuta watu, familia zimelazwa kwenye shule, Rais Samia akikatisha safari yake ya Dubai kwenye mkutano wa tabianchi na kufika Katesh tarehe 7. Waliofariki walipita 80. Watu waliogopa kwamba mlima umeamka na utatoa moto, hadi wataalamu wa serikali walipoeleza kwamba haikuwa volkano. Ulikuwa ni mwamba dhaifu uliokunywa maji ukashindwa kusimama.

Na kanisa nalo lilikuwa na maelezo yake. Ndani ya wiki ile ile tulianza kusikia, kwenye jumuiya na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwamba Katesh pamezidi. Baa nyingi, ulevi, matambiko ya mlimani. Mlima umechoka. Na sisi tuliitikia kwa vichwa, tena tukaongeza ya kwetu. Unajua kwa nini maneno hayo ni matamu? Kwa sababu kama wale walikufa kwa dhambi zao, basi sisi tuliolala salama tulilala kwa wema wetu. Kumbe Injili ya Luka sura ya 13 imeshalijibu jambo hili. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, na Yesu alikataa katakata kwamba wale walikuwa wabaya kuliko wenzao wa Yerusalemu. Tumesomewa habari hiyo tangu Shule ya Jumapili. Siku mnara ulipoanguka kwetu, tuliisahau wote.

Tulikusanya nguo. Hapa tuseme kwa aibu ya fundi. Viroba vilipoletwa kanisani, sisi ndio tulipewa kuchambua kwa kuwa tunajua nguo. Tulikuta blauzi zisizo na vifungo, sketi zenye zipu zilizokufa, magauni ya harusi, viatu vya mguu mmoja. Tulikuta pia nguo zetu wenyewe, ambazo tusingethubutu kumwekea mteja hata kama kiraka. Desemba ile kule chini ya mlima kulikuwa na baridi ya mvua, watu wamelala madarasani, na sisi tumewafungia magauni ya mikono mifupi. Tulitoa kile ambacho kabati lilikuwa limekichoka.

Jambo moja tulilifanya vizuri, nalo lilitokana na mwalimu mmoja aliyepita dukani akasema shule zinafunguliwa Januari na watoto wa kule hawana sare. Tulinunua jora la tetroni ya bluu na jora la kitambaa cheupe, tukashona usiku. Hatukuwa na vipimo vya mtoto hata mmoja, kwa hiyo tukaacha mapindo mapana, vidole vinne, yashushwe mtoto akirefuka. Sare hizo zilikwenda na gari la mahindi. Hatujui nani alizivaa. Tukifikiria sasa, huenda ndiyo maana lilikuwa jambo zuri.

Mjane tunayemsema alifika Basotu kabla ya Krismasi na watoto wawili, akapokewa na wifi yake. Jina lake tunalihifadhi, na kitongoji chake pia. Mume alichukuliwa na tope pamoja na nyumba. Jumapili yake ya kwanza kwetu aliitwa mbele. Alieleza kwa dakika tatu hivi, sauti ndogo, akiangalia sakafu. Kanisa zima lililia. Sadaka ya siku ile ilikuwa kubwa kuliko tulivyozoea, na mnada wa baada ya ibada ulipata bei za ajabu, kuku mmoja aliuzwa na kurudishwa na kuuzwa tena mara tano.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kuitwa mbele. Walipokuja wageni kutoka usharika mwingine, aliitwa. Kwenye kongamano la wanawake aliitwa. Siku ya mavuno aliitwa. Akimaliza, anakabidhiwa kitu mbele ya watu, unga, blanketi, bahasha, na picha inapigwa. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea, na sisi tulitaka huyu aliyenyeshewa aisifu kila Jumapili, kwa kipaza sauti.

Na tusijitoe. Sisi ndio tuliomwambia, "Jikaze mama, toa ushuhuda, Mungu atakuinua." Sisi ndio tuliomshonea gauni la kusimamia mbele, la zambarau, lenye kola nyeupe, bure, na tulijisikia vizuri sana tulipoliona kwenye zile picha.

Kisha akaacha kuja kanisani. Wiki ya kwanza tulidhani anaumwa. Wiki ya nne maneno yakaanza: amekula misaada, sasa ametushiba. Tulikwenda kwa wifi yake jioni moja kumwona, tukiwa tumejiandaa kumuonya kwa upendo, kama tunavyosema. Alitukaribisha, akatupa chai. Hakulia. Alisema hivi, na tangu siku ile hatujapata neno zito kuliko hilo:

"Siku ile ya wageni nilisema mtoto wangu aliniita gizani, ndipo nikaamka. Hakuniita. Niliamshwa na kishindo tu. Lakini niliona watu wanataka aniite, nikasema aliniita. Sasa usiku nikilala sijui tena lipi lilikuwa kweli. Yule marehemu sina kingine cha kwake isipokuwa usiku ule, na huo nao mmeuchukua."

Tulirudi nyumbani kimya, kila mmoja na njia yake.

Tunajua yatakayosemwa. Kwamba ushuhuda hujenga imani. Ni kweli, na hatuupingi. Mtu akisukumwa na moyo wake asimame aseme Bwana amemtendea nini, hakuna mwenye haki ya kumzuia. Tunachokipinga ni ushuhuda unaopangiwa ratiba na mtu mwingine, unaofuatwa na mfuko wa unga. Hapo mtoaji anageuka mnunuzi. Sisi wafanyabiashara tunaijua bidhaa tukiiona. Mtu anayeshika bahasha yako mkononi hana uhuru wa kukuambia "leo sitaki kusema."

Watasema pia kwamba watu hawatoi mpaka waone. Hili linatuuma zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Bila machozi ya yule mama sadaka isingefika pale. Lakini kama usharika unahitaji kumfungua mtu kidonda kila wiki ndipo ukumbuke kutoa, tatizo ni letu, na la kutibiwa ni letu. Mbona kodi ya chumba chetu cha biashara tunailipa kila mwezi bila kuombolezewa na mwenye nyumba?

Kuna habari ya Ayubu ambayo huwa tunaihubiri kwa kuirukaruka. Marafiki zake watatu walipomjia, walikaa naye chini ardhini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyesema neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku hizo saba ndizo walizokuwa marafiki. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia kosa, wakaharibu kila kitu. Sisi tuliruka zile siku saba. Tulianzia kwenye hotuba.

Na majirani zetu Wabarbaig, ambao makanisani huwa tunawaombea kama watu waliopotea, wana jambo la kutufundisha hapa. Mzee wao mheshimiwa akifariki, maziko yake, wanayaita bung'eda, ni kazi ya miezi. Ukoo unakusanyika, kaburi linajengwa na kuinuliwa, watu wanarudi tena na tena. Hatusemi Wakristo tuige ibada yao. Tunasema wao wanajua kwamba msiba hauna haraka, na sisi tuliimaliza Katesh kwa Majilio moja. Kufikia Pasaka, kwenye sala ya kanisa Katesh ilikuwa haitajwi tena. Zilijengwa nyumba zaidi ya 100 huko Waret kwa waliopoteza makazi, watu wakahamia, na tukachukulia kwamba mwenye nyumba mpya hana tena msiba.

Ninyi wa visiwani mnalijua hili kuliko sisi. Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba na mamia ya watu wakafa, huku Basotu tulisikia redioni. Tuliwaombea Jumapili moja. Ile tu. Jumapili iliyofuata tuliombea mvua. Hakuna aliyekaa akafikiria kwamba kuna mwanamke Pemba ambaye miaka mingi baadaye bado anageuza kichwa akisikia honi ya boti. Basotu kwenu ni mbali, na Pemba kwetu ni mbali, sawa. Lakini Katesh tunauona mlima wake kila asubuhi, na bado tuliiweka mbali.

Tulipeleka mambo matatu manne kwenye baraza la wazee wa kanisa, kwa barua, kwa kuwa tungesema kwa mdomo tungeambiwa ni maneno ya mafundi wenye umbea. Tuliomba mfuko wa maafa uwepo wakati wote, si wa kuanzishwa siku ya msiba, na kila nyumba iuchangie kidogo kila mwezi, hata shilingi 500. Tuliomba wanaopewa wapewe nyumbani kwao, jioni, na mtu mmoja au wawili, bila picha. Tuliomba anayeitwa mbele aulizwe kabla, faraghani, na na mtu ambaye hana unga mkononi. Mfuko ulikubaliwa, ingawa ufunguo wa sanduku bado unabishaniwa. La picha lilikataliwa: wafadhili wanataka kuona. Hilo la kuulizwa faraghani liliachwa "lifanyiwe kazi", na ninyi nyote mnajua maana ya hayo maneno.

Hatukusubiri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitumia neno hilo kumfukuza mgeni, lakini ukilitazama vizuri lina heshima ndani yake: mwenye jembe si mgeni tena. Tulimwomba msamaha yule mama kwanza, na msamaha haukutoka siku ile. Baadaye tulimuuliza kama angependa kujifunza cherehani. Alikuja dukani baada ya wiki mbili, bila kutoa taarifa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaangalia. Siku ya pili akashika uzi.

Wako waliosema tumepata kibarua wa bei nafuu kwa jina la Yesu. Tunawajibu kwa daftari: analipwa kwa kila kipande sawasawa na sisi, na siku ambayo kazi yake imekosewa tunaifumua na kumrudishia, kama tunavyofumuliana sisi wenyewe. Ana mkono mzuri wa kola. Zipu bado zinamshinda. Siku anazotaka kusema habari za mumewe anasema, tena nyingine za kuchekesha, jinsi alivyokuwa mwoga wa mbuzi. Siku asizotaka, tunawasha redio.

Lile gauni la zambarau alilileta mwenyewe, limefuliwa, limekunjwa vizuri. Tulidhani anaturudishia kwa hasira, tukaanza kujieleza. Akatukatiza. "Kitambaa ni kizuri," akasema, "lifumueni litoke gauni la huyu mtoto wa kike." Tukamwambia afumue mwenyewe, kazi anaijua. Alikaa nalo jioni nzima akikata uzi mmoja mmoja kwa wembe, asitoboe kitambaa, na kola nyeupe akaiweka pembeni. Ilitosha gauni moja na mabaki ya mkoba.

Majilio yaliyopita, Jumapili ya kwanza, alikuja kanisani. Aliingia wimbo wa pili ukiimbwa, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, mtoto ubavuni na gauni lake la zambarau lenye pindo la vidole vinne. Mzee mmoja wa kanisa alimwona, akainuka kidogo, akatutazama sisi. Tukamtikisia kichwa. Akakaa.